Mwenye nyumba kudai hela ya mbwa juu ya kodi: ni haki au tunakamuliwa? (Kigoma)

#1 Mpangaji Mwanga
Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, maana jambo hili limeninyima raha.

Nimepanga chumba na sebule hapa Mwanga, kodi elfu sabini kwa mwezi, nalipa miezi sita sita. Mwaka jana nilichukua mtoto wa mbwa kule Bangwe, wa kienyeji, sasa ni dume zima. Tuko wapangaji wanne, uwani mmoja, geti moja, bomba moja. Mkataba unaisha mwezi huu. Mzee mwenye nyumba kaniita barazani, akasema nyumba anaendelea kunipa ila kwa ajili ya mbwa nitaongeza elfu kumi kila mwezi. Nikamuuliza, "Ya nini, mzee wangu?" Akasema, "Ya mbwa." Kanywa kahawa yake, mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa miezi sita hiyo ni elfu sitini, karibu kodi ya mwezi mzima. Mbwa halali ndani, analala kwenye kibaraza changu. Anakula ugali na vichwa vya samaki, migebuka, ninavyonunua mwenyewe. Chanjo nimelipa mimi. Kabla hajaja, jirani yangu aliibiwa mtungi wa gesi usiku, na nguo kwenye kamba zilikuwa zinapungua. Siku hizi hatusikii habari hizo. Kama kuna hesabu ya kulipana, mbona yeye hanipunguzii kwa ulinzi?

Swali langu: mwenye nyumba ana haki ya kutoza hela hiyo? Na hata kama anayo, ni sawa?

#2 Dalali Gungu
Mkuu, lipa. Mteja akinipigia simu namuuliza mambo matatu kabla sijavaa viatu: watoto wangapi, unapikia nini, una mnyama? Nikiuliza hivyo si umbea, ndivyo wenye nyumba wanavyoniuliza mimi. Ukisema una mbwa, nusu ya milango ya Gungu na Katubuka imefungwa. Zilizobaki ni zenye fensi yake, na hizo si za elfu sabini. Elfu kumi maana yake mzee anakupenda.

#3 Bint Ujiji
Dalali wewe kila mtu akihama unakula kodi ya mwezi mmoja, leo umegeuka kumshauri mtu abaki? Kweli dunia inabadilika 😂

Mleta mada, usilipe. Ipo sheria ya kudhibiti pango, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi anavyojisikia mpaka apate kibali cha baraza la nyumba. Marehemu baba alishinda kesi ya namna hiyo zamani, mwenye nyumba akarudisha hela yote.

#4 Mama wa Isevya
Marahaba kwa mlionisalimia na msionisalimia. Nyumba yangu iko Isevya, Tabora, vyumba vitano, nimeijenga kwa hela ya tumbaku ya marehemu mume wangu na maandazi yangu mwenyewe. Kwa hiyo nikisema, nasema kwa uchungu.

Mlango wa chumba cha pili ni wa mninga, tuliupasua wakati mbao bado inapatikana kwa bei ya kibinadamu. Nikapangisha kijana mpole sana, ana kambwa kadogo. Akienda kazini anakafungia ndani. Kanalia, kanakwaruza. Kijana alipohama ndipo nikauona mlango kwa upande wa ndani: kuanzia chini hadi usawa wa goti ni mistari mistari, vanishi imekwisha, mbao iko tupu. Fundi kapiga msasa, kapaka vanishi mara mbili, na bado ukiwasha taa usiku makovu yanaonekana.

Mwingine alikuwa na paka. Kila jioni paka anapanda wavu wa dirisha kumngoja mwenyewe. Wavu ukachanika kona ya chini, na Tabora hii mnajua malaria yake. Paka huyohuyo akazalia juu ya dari. Mkojo wa paka ukishaingia kwenye jipsam hautoki wanangu. Unapaka rangi, mwezi wa kumi jua likiwaka harufu inarudi palepale. Nikang'oa vipande viwili na kuweka vipya.

Nani alilipa? Mimi. Mpangaji kashaondoka, simu hapokei. Sasa mnaposema tunakamua, mje mnionyeshe hiyo maziwa iko wapi.

#5 Mpangaji Mwanga
Shikamoo mama #4. Pole sana kwa mlango, na kwa dari pia. Mimi sibishi kwamba mnyama anaharibu. Ila mambo yote uliyoyataja ni ya mnyama anayekaa ndani, na wangu yuko nje. Halafu kama hofu ni uharibifu, kwa nini isiwe amana? Nampa mzee elfu sitini mara moja, tunaandika, siku nahama tunakagua pamoja: kama kuna mkwaruzo anakata, kama hakuna ananirudishia. Elfu kumi ya kila mwezi haina kurudi, hata mbwa asipogusa kitu. Na siku akivunja kitu kweli, mzee atanidai tena.

#6 Mzee wa Kasingirima
Assalaam alaykum. Vijana mmekwenda mbio kwenye hela, mmeruka jambo ambalo huku Ujiji na Mwanga lina uzito wake.

Wapangaji wanne, uwani mmoja, bomba moja. Bila shaka humo mna Waislamu. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Akitia ulimi kwenye ndoo, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama wa watu kaacha ndoo bombani anakwenda kugeuza chapati, akirudi anamkuta mbwa wako anakunywa. Wewe unaona mbwa ana kiu. Yeye anaona udhu na sala. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda kumeruhusiwa, hilo halina ubishi. Lakini mahali pake ni pa kujitenga.

Kwa hiyo huenda mzee wako amelalamikiwa, akaona haya kukwambia mtoe mbwa, akaweka bei ili uamue mwenyewe. Wazee wetu huzungumza hivyo.

#7 Muuguzi Kibondo
Nakubaliana na mzee #6 kuhusu kuona haya. Ila mimi naona hatari nyingine, na hela haiiondoi.

Nimepokea watoto walioumwa na mbwa wa jirani, mbwa ambaye kila mtu anasema "huyu mpole, tunamjua." Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe saa hiyohiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali kwa sindano, si kwenda kupaka majani. Ningekuwa mwenye nyumba ningesema: leta kadi ya chanjo ya mwaka huu, na mbwa afungwe mchana watoto wanapocheza. Elfu kumi haimkingi mtoto wa mpangaji wa chumba cha tatu.

#8 Mtu wa Baraza
Naomba nimsahihishe Bint Ujiji #3 kwa heshima. Sheria uliyoitaja ya kudhibiti pango, ile ya 1984, ilifutwa 2005. Kesi ya marehemu mzee bila shaka ni ya kabla ya hapo. Leo kodi ya nyumba ya kuishi ni makubaliano ya wawili, hakuna baraza linalopanga bei.

Maana yake nini kwa mleta mada:
Mkataba ukiwa haujaisha, mzee hawezi kukuongezea katikati. Elfu kumi isiyokuwa kwenye makubaliano haidaiki. Hata kama mlikubaliana kwa mdomo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, wa mdomo au wa maandishi.
Mkataba ukiisha, kama mwezi huu, anaruhusiwa kuja na masharti mapya. Unakubali, unakataa au mnajadiliana.

Na mama wa Isevya, sheria hiyohiyo inamtaka mpangaji airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Mlango wa mninga uliokwaruzwa na mbwa si uchakavu wa kawaida. Ungeweza kumdai. Tatizo, mnapangisha bila kuandika hali ya nyumba siku ya kuingia, mkifika kwenye baraza la ardhi inakuwa neno lako na lake.

#9 Bint Ujiji
Asante Mtu wa Baraza. Na Baraza la Kata bado wanasikiliza kesi hizi au wamenyang'anywa?

#10 Mtu wa Baraza
Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kwa elfu kumi ya mbwa, kaeni na mzee mmalizane.

#11 Leeds ila Kwetu Kibirizi
Huku nilipo wamepigana na jambo hili miaka. Uingereza huwezi kumtoza mpangaji ada ya mnyama tangu sheria ya ada za wapangaji ya 2019, na amana ikawekewa kikomo, kwa nyumba nyingi kodi ya wiki tano. Wenye nyumba wakafanyaje? Wakaihamishia kwenye kodi yenyewe. Tangazo linasema nyumba ni bei hii, ukija na paka ni bei ile. Sheria nyingine iliyopitishwa Oktoba 2025 inampa mpangaji haki ya kuomba kufuga, na mwenye nyumba hakatai bila sababu ya maana.

#12 Cheyo A
Kumbe Wazungu wote hawaruhusiwi kukataza mbwa? Sisi tumebaki nyuma.

#13 Leeds ila Kwetu Kibirizi
Si wote. Niliyoyasema ni ya England tu, Scotland wana sheria zao. Wafaransa tangu 1970 kifungu cha mkataba kinachokataza mnyama wa nyumbani hakina nguvu. Ujerumani mahakama kuu iliamua 2013 kwamba mwenye nyumba hawezi kukataza mbwa na paka wote kwa jumla, aangalie kila kesi, na majirani wahesabiwe. Halafu hukohuko Ujerumani mwenye mbwa analipa kodi ya mbwa kwa halmashauri ya mji. Marekani ndiyo utakuta hela ya mnyama ya kila mwezi kabisa, inaandikwa kwenye mkataba kama tunavyoandika LUKU. Kwa hiyo mzee wa Mwanga hajabuni kitu kipya.

#14 Cheyo A
Sawa, tumekupata. Sasa mimi nina swali kwa mama wa Isevya. Hapa Cheyo tuna panya wanaotoboa magunia ya karanga mpaka na ndoo za plastiki. Nilipoleta paka, nyumba nzima ikapumzika, hadi mwenye nyumba mwenyewe akawa anamwita paka stoo kwake. Hajawahi kunipa hata mia. Mnaotaka kutoza uharibifu, mbona hamlipi faida?

#15 Mama wa Isevya
Mwanangu, paka wako nakupongeza, mlete na Isevya. Lakini faida hiyo ulikuwa unaitafuta wewe, karanga ni zako. Mimi sikuomba mlinzi wala mtega panya. Mtu akipaka chumba changu rangi ya pinki bila kuniuliza, halafu adai nimlipe fundi, utasemaje?

#16 Uani wa Pamoja
Naona wanaongea wenye mbwa na wenye nyumba tu. Sisi wa katikati hamtuulizi.

Niko Buzebazeba, jirani yangu ana mbwa wawili, na anamlipa mwenye nyumba hela ya mbwa. Sijui kiasi gani. Ninachojua ni kwamba alfajiri nikitoka na fagio, mavi yako mbele ya mlango wangu, siyo wa mwenye nyumba, yeye anakaa mtaa mwingine. Adhana ikianza mbwa wanalia mpaka mtoto anaamka. Bili ya maji tunagawana kwa vichwa: mimi, mke wangu, watoto. Mbwa wanaogeshwa kwa maji hayohayo, na wao si vichwa. Nimelalamika, jibu la mwenye nyumba ni, "Analipia."

Analipia nini? Anayevumilia ni mimi, anayepokea ni yeye. Tena tangu aanze kupokea ndiyo hataki kabisa kusikia habari ya mbwa. Kama hela lazima itoke, iingie kwenye bili ya maji na ya mtu wa kufagia uwani, tuione wote. Mleta mada umeuliza kama mwenye nyumba ana haki. Waulize na wale watatu mnaochangia bomba.

#17 Mpangaji Mwanga
#16 umenigusa. Wangu nasafisha mwenyewe kila asubuhi, lakini habari ya maji sikuwahi kuifikiria hivyo. Naogesha Jumamosi, ndoo mbili.

#18 Dalali Gungu
Nyie mnazunguka. Mbwa ni kisingizio. Tangu kipande cha reli ya kisasa cha Tabora hadi Kigoma kisainiwe mwishoni mwa 2022, simu yangu haipoi: mafundi, madereva, wahandisi, wote wanataka vyumba. Mzee anaona jirani yake kapandisha, yeye ana mpangaji wa siku nyingi, anashindwa kusema "nimepandisha." Anaangalia huku na huku, anaona mbwa. Ungekuwa huna mbwa ingekuwa elfu kumi ya friji.

#19 Muuguzi Kibondo
Ya friji ipo kweli, mimi nimelipa nyumba moja 😂 Walisema inakula luku ya wote.

#20 Mzee wa Kasingirima
Dalali, unamsemea mtu usiyemjua. Wapo wazee wa mji huu hawajapandisha kodi miaka na miaka kwa kumuonea haya mpangaji. Usiwavishe wote kanzu moja.

#21 Mtoto wa Lumumba Road
Mnalia na mbwa, jirani yetu ana kasuku wa kijivu aliyeletwa kutoka Kongo kwa boti. Ameshika sauti ya mwenye nyumba akidai kodi. Saa kumi na mbili asubuhi: "Hodi! Hodi! Lini?" Wapangaji wapya wanatoka na pochi. Huyo ndiye wa kutozwa.

#22 Bwana Mifugo Kasulu
Nimecheka, lakini huyo jirani aangalie. Kasuku wa kijivu yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi wa kimataifa tangu 2017, biashara ya waliokamatwa porini imezuiwa kuvuka mipaka. Na wanyamapori wa kwetu, awe tumbili au ndege, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Mkoa wenye hifadhi ya Gombe haufai kuwa njia ya kupitishia hawa viumbe.

Sasa kwenye mada, maana nimeisoma yote na kuna jambo linaniuma. Kazini ninachokiona ni hiki: mtu akiongezewa hela ya mbwa na akashindwa, hahami na mbwa. Anahama, mbwa anabaki. Siku za mwanzo anazunguka geti lilelile, wapangaji wapya wanamfukuza kwa mawe, baadaye unamkuta jalalani sokoni. Hana chanjo tena, hana wa kumfunga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji na mahali pa kukaa, kumtelekeza ni kosa, ila nani anamshtaki mtu aliyehamia Mpanda?

Muuguzi #7 kasema vizuri, leteni kadi. Chanjo ni kila mwaka, na mtoto wa mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Kukata mnyororo wa ugonjwa inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wawe wamechanjwa. Mwenye nyumba anayedai kadi anatusaidia. Anayedai hela bila kuuliza kadi anaweza kuwa na mbwa wa hatari kwenye uwani wake na risiti mfukoni.

#23 Mama wa Isevya
Bwana Mifugo hilo la kadi nalichukua, nitaliandika kwenye mikataba yangu kuanzia Januari. Lakini usiniwekee mimi mzigo wa mbwa waliotelekezwa. Aliyemchukua ni nani?

#24 Bwana Mifugo Kasulu
Aliyemchukua ndiye mwenye kosa mama, sijamwondolea. Nasema tu bei ikipangwa bila kufikiri, matokeo yake tunakutana nayo mtaani wote.

#25 Kibirizi Mwaloni
Mwenye nyumba wangu alikuwa hataki mbwa hata kidogo, mpaka nyoka akaingia chooni kwake. Nadhani alikuwa swila wa ziwani. Mbwa wangu ndiye aliyebweka hadi watu wakaja. Siku hizi anamtupia mifupa.

#26 Bwana Mifugo Kasulu
Swila wa ziwani anakula samaki na anakaa majini au kwenye mawe ya ufukweni, chooni ni nadra. Na mara nyingi huwakimbia watu. Huenda alikuwa nyoka mwingine. Mbwa apewe mfupa vilevile.

#27 Mpangaji Mwanga
Wadau, leo nimekwenda kwa mzee na sukari kilo mbili. Nimemweleza habari ya amana badala ya elfu kumi, na nikaomba aniambie kama kuna aliyelalamika. Mzee wa Kasingirima ulisema kweli nusu: mama wa chumba cha mbele alilalamikia ndoo. Nimekwenda kumuomba radhi, kesho namletea ndoo mpya yenye mfuniko, na mbwa nitamfunga upande wa nyuma.

Ila kuhusu hela mzee hajalegea. Anasema amana italeta ugomvi siku ya kuhama, yeye ni mtu mzima, hataki kukagua milango na vijana. Elfu kumi anaiona safi, haina maneno. Nimemuomba basi iwe elfu tano na nilipe bili ya maji kwa kichwa kimoja zaidi. Kasema atazungumza na watoto wake walioko Dar.

#28 Uani wa Pamoja
Hapo kwenye kichwa kimoja zaidi umesema. Hata asipokubali, wewe lipa hicho kichwa, majirani watakusimamia.

#29 Dalali Gungu
Watoto wa Dar wakiingia, jiandae elfu ishirini. Nina chumba Mwandiga, kina fensi, mbwa ruksa. Ukitaka niandikie faragha.

#30 Bint Ujiji
Nilijua tu tutafika hapa 😂

#31 Malolo Kuku
Samahani naingilia. Mimi niko Malolo, Tabora, nina kuku wa kienyeji na bata. Mwenye nyumba anahesabu kwa kichwa, shilingi mia tano kila kuku kwa mwezi, vifaranga bure mpaka waote manyoya. Mwezi uliopita ugonjwa wa kideri ulipita, wakafa karibu wote, na bado anadai hesabu ya mwezi mzima. Hii nayo imekaaje? Mtu wa Baraza, Bwana Mifugo, mpo?

#32 Bwana Mifugo Kasulu
Nipo. Pole sana. Waliobaki wachanje kideri kila baada ya miezi mitatu, dawa ya matone ya jicho ipo, ongea na afisa mifugo wa kata yako. Waliokufa wafukie kwa kina, usiwape mbwa. Hesabu ya hela nakuachia Mtu wa Baraza.